Kaka anasema protini inalisha kansa, mama anazidi kukonda

Shikamoo Anti,

Samahani kwa barua ndefu na makosa ya haraka haraka, naandika usiku mama kashalala ndo nimepata nafasi ya kushika simu.

Mama yetu ana miaka 61, ana kansa ya utumbo mpana. Alifanyiwa oparesheni wakatoa uvimbe, wakasema na tezi kadhaa za jirani zilikuwa zimeshaguswa kwaiyo lazima apigwe kemo. Ameshamaliza mizunguko minne, kwenye karatasi yake ya dripu naona imeandikwa fluorouracil na nyingine jina refu sikulishika. Wakati anaanza alikuwa na kilo 64, juzi tumempima ana 55. Pete ya ndoa ilikuwa inamtoka yenyewe akinawa mikono, akaivua akanipa nimtunzie.

Sasa Anti shida kubwa iko humu humu ndani kwetu. Kaka yetu mkubwa, ambae ndo analipia karibu kila kitu kwaiyo akisema jambo hakuna wa kumbishia, alisoma kwamba kansa inakula amino asidi, eti bila glutamini na methionini haiwezi kukua, na protini si ndo amino asidi zenyewe, basi akapiga marufuku nyama, samaki, mayai, maziwa, hadi maharage. Huu mwezi wa pili mama anaishi kwa supu ya mboga na matunda. Dada nae kaja na kopo la unga mweupe, lebo inasema ni glutamini tupu, anasema unaponyesha vidonda vya mdomoni vya kemo na unarudisha nguvu. Yani mmoja anamnyima glutamini, mwingine anamkorogea glutamini kwa kijiko, nyumba moja, mama mmoja! Na wote wawili wana makala za kuonyesha.

Wiki iliyopita niliamka usiku nikamkuta mama jikoni amesimama gizani anakula yai la kuchemsha, mbiombio kama mtoto aliyeiba. Aliponiona akafumba maganda kiganjani akaniambia usimwambie kaka yako. Anti nilirudi chumbani nikalia.

Naomba unieleze nani yuko sahihi. Kama ni kweli amino asidi zinalisha kansa mbona madaktari hawajamkataza mama chochote? Na nimesikia ipo dawa kabisa inaua kansa kwa kuinyima amino asidi, je tuiombe? Na mimi kitindamimba nitamwambiaje kaka yangu kwamba amekosea, kama amekosea?

Kitindamimba

*

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana na mwambie na mama pole.

Nianze na la haraka kabla sijaingia kwenye maelezo mana wanaonisoma wananijua nikianza siishi. Kilo 9 kutoka 64 ni kama asilimia 14 ya mwili wake imeondoka. Hilo halisubiri tarehe ya kliniki. Kesho asubuhi pigeni simu au nendeni mlikopewa kemo, waambieni uzito umeshuka kiasi gani kwa muda gani, waambieni na chakula alichokatazwa na kwamba unga upo, msifiche hata kimoja. Kipimo cha dawa zile kinapigwa kwa kuangalia kimo na uzito, na mgonjwa aliyekonda hivyo kemo inamuumiza zaidi na mara nyingi wanalazimika kuahirisha mzunguko au kupunguza dozi, sasa hapo ndo mtakuwa mmeisaidia kansa kwelikweli. Ombeni muonane na mtaalamu wa lishe, kama yupo.

Haya sasa kaka yako. Usimuone mjinga. Alichosoma kina ukweli ndani yake na ndio mana kimemkamata.

Protini yoyote ukiila inakatwakatwa huko tumboni hadi inakuwa amino asidi, aina zake za kujengea mwili ni 20. Tisa mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula, na methionini ni mojawapo. Glutamini haimo kwenye hizo tisa, mwili unaitengeneza wenyewe, hilo lishike tutalirudia. Zamani kilichojulikana ni kwamba kansa inapenda sukari, Mjerumani Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920. Afu mwaka 1955 Mmarekani mmoja Harry Eagle, katika kuotesha seli kwenye vyombo vya maabara, zikiwemo za kansa, akakuta zinataka glutamini nyingi kupita amino asidi nyingine yoyote, ukiitoa zinakufa. Na sababu inaeleweka. Seli inayogawanyika ovyo kila ikigawanyika inatakiwa inakili DNA yake yote, na DNA inataka naitrojeni, glutamini ndo inaileta. Kinachobaki kinaingia kwenye tanuru la seli kinakuwa nishati, na nyingine inatumika kutengeneza glutathioni, ambayo ni kama ngao ya kujikinga na sumu zinazotokana na hayo maisha yake ya mbiombio. Kwaiyo kaka akikwambia kansa inatumia amino asidi usimbishie. Inatumia. Hata ini linatumia, na moyo, na kucha zako unazokata.

Na dawa uliyoisikia ipo, nimeishika kwa mikono yangu miaka mingi. Kabla ya safu hii nilikuwa nesi wodi ya watoto wenye kansa ya damu. Inaitwa asparajinezi na chanzo chake kinachekesha kidogo. Mwaka 1953 daktari mmoja New York, John Kidd, aliwachoma panya wenye limfoma (kansa ya tezi za limfu) maji ya damu ya simbilisi (wale wanyama kama panya wanene wasio na mkia), uvimbe ukayeyuka. Kwanini simbilisi? Hakuna aliyejua hadi 1961 John Broome alipoonyesha kwamba kwenye damu ya simbilisi kuna enzaimu inayovunja amino asidi iitwayo asparajini. Seli nyingi za mwili wetu zikikosa asparajini zinajitengenezea, hazina habari. Lakini seli za ile lukemia kali ya watoto, ya limfoblasti, nyingi haziwezi kujitengenezea ya kutosha, zinaokoteza kwenye damu. Ukiifagia yote kwenye damu zinakufa njaa huku mtoto mwenyewe anadunda. Siku hizi enzaimu hiyo, ndo asparajinezi yenyewe, inatolewa kwa bakteria, na pamoja na dawa nyingine imewaponya watoto wengi mno ambao zamani tungewazika.

Ila nikwambie ilivyo kazi. Vichupa vyake huvitikisi, ukitikisa dawa inatoa povu inaharibika, unavizungusha taratibu kiganjani kama unabembeleza. Ukishamchoma mtoto pajani unakaa nae muda wote huo adrenalini iko kwenye trei, mana mwili unaweza kuikataa ghafla akaanza kuvimba mdomo na kukosa pumzi. Wapo ambao kongosho liliwaka moto, wapo ambao damu iliganda pasipotakiwa, ini nalo unalipima kila mara. Yani kufagia amino asidi moja tu kwenye damu ya mtu ni kazi ya dawa kali inayolindwa na watu wanne. Na wakati huohuo sisi manesi tulikuwa tunawabembeleza watoto wale wale, kula mwanangu, kijiko kingine, hakuna hata siku moja tuliyoambiwa tuwanyime chakula ili dawa ifanye kazi.

Je, muombee mama hiyo? Hapana. Udhaifu ule ni wa lukemia ile na limfoma za ukoo wake. Uvimbe wa utumbo kwa kawaida unajitengenezea asparajini, ungemtesa mama bure.

Sasa twende kwenye lile nililokwambia ushike, na hapa ndo naomba kaka asome mwenyewe. Dawa inafagia damu. Sahani haiwezi kufagia damu! Mwili wa mtu hauruhusu amino asidi kwenye damu zishuke hivi hivi kwa sababu hujala nyama, una ghala, na ghala ni msuli. Usipokula protini mwili unaanza kubomoa misuli, mapaja, mabega, hadi ile ya mbavu ya kuvutia pumzi, unazimwaga amino asidi kwenye damu ili ini na moyo viendelee. Na glutamini ndo kabisa, kiwanda chake kikubwa ni msuli wenyewe, inatengenezwa na kutumwa kwenye damu uile usiile. Uvimbe unapokea mgao wake kama kawaida. Tena kansa yenyewe huwa inauamsha huo ubomoaji wa misuli hata kwa mtu anayekula, madaktari wanauita kakeksia, na kuna kansa kama nyingi za kongosho zinaweza kumeza protini za damu nzima nzima zikazisaga zenyewe ndani. Kwaiyo hesabu ya kaka inakuja hivi, kansa kama ipo iliyobaki inakula misuli ya mama badala ya kula chakula cha mama. Pete iliyomtoka kidoleni ndo risiti.

Halafu kuna askari. Chembe nyeupe za kinga zinazoikabili kansa nazo zinataka glutamini na amino asidi nyingine iitwayo arijinini ili zigawanyike zipigane. Huwezi kufunga bomba la adui bila kufunga la askari wako, wako kwenye damu moja.

Na hao wenye maabara na mabilioni wamelijaribu hilo kwa dawa, sio kwa supu. Dawa ya kuzuia seli kuitumia glutamini, telaglenastat, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa kansa ya figo ikichanganywa na dawa yao ya kawaida haikuongeza kitu juu ya ile dawa ya kawaida. Nyingine inayozuia njia ya kutumia triptofani, nayo ni amino asidi, iitwayo epacadostat, ilitegemewa mno kwa kansa ya ngozi ya melanoma, 2018 ikaanguka kwenye jaribio kubwa. Ya kuvunja arijinini nayo ilianguka kwenye kansa ya ini, ila kwenye mesothelioma, kansa ya utando wa mapafu inayotokana sana na asbesto, matokeo yaliyotoka 2024 yalionyesha ukiiongeza juu ya kemo wagonjwa wa aina mbaya zaidi waliishi wastani wa kati wa miezi 9.3 badala ya 7.7. Ni hatua na mimi naishangilia, lakini ona ni ngumu kiasi gani, na ona kwamba kila kansa ina udhaifu wake.

Hizo makala za kaka najua nyingi ni za panya. 2018 ilitoka moja ya panya wenye kansa ya matiti, waliolishwa chakula kisicho na asparajini kansa haikusambaa sana, magazeti yakaandika acheni kula mboga ya asparaga (jina limetoka huko, asparajini iligunduliwa Ufaransa 1806 kwenye maji ya mmea huo). Lakini uvimbe wenyewe wa kwanza ulikuwa uko pale pale, na panya hawakuacha kula protini, walikula chakula kilichochanganywa maabara amino asidi moja moja kwa mizani, moja ikaachwa, nyingine zote zipo. 2019 ikaja ya methionini, nayo ya panya na chakula cha kupimwa hivyo hivyo. Nyumbani huwezi kutoa methionini peke yake kwenye samaki. Ukitoa samaki umetoa zote. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa kutoweza kuchakata amino asidi iitwayo fenilalanini wanapunguziwa hiyo moja, na hata hao wanapewa maziwa maalumu ya hospitali yenye zile nyingine zote, wanapimwa damu mara kwa mara, na hakuna anayewaachia mboga na matunda peke yake.

Kuna jambo lingine sidhani kama kaka analijua na litamfariji. Hiyo fluorouracil uliyoiona kwenye karatasi, ni dawa ya tangu 1957, kazi yake ni kuziba hatua ya mwisho ya kutengeneza herufi moja kati ya nne za DNA, na hatua hiyo inatumia vipande vya kaboni ambavyo vingi vinatoka kwenye amino asidi iitwayo serini. Mwambie hivi, kaka, kile unachokitaka, kuikatia kansa malighafi, dripu inakifanya tayari, na inakifanya pale mlangoni kwenyewe. Ndio jibu la mbona madaktari hawajamkataza mama kula. Wanampiga adui kwa dripu, wanamtaka mama awe na nguvu ya kuivumilia.

Unga wa dada. Sio sumu na dada hana nia mbaya, kuna tafiti za vidonda vya mdomoni zilionyesha nafuu na nyingine hazikuona kitu, na wataalamu wa lishe tiba wa Ulaya (ESPEN) walipozipima zote hawakupata ushahidi unaoshikika wa kuwashauri wagonjwa wote wautumie. Mimi nesi mzee nasema hivi, mtu anayenyimwa yai lenye kila kitu afu anapewa kijiko cha amino asidi moja, hiyo haina kichwa wala miguu. Wekeni kopo pembeni, siku ya kwenda mlibebe lenyewe daktari asome lebo, mana maunga haya wakati mwingine ndani kuna zaidi ya kilichoandikwa nje. Vidonda vya mdomoni mwambieni daktari waziwazi, kuna maji ya kusukutua na dawa za maumivu, asivumilie.

Kuhusu kiasi, hao hao ESPEN wanasema mgonjwa wa kansa apate protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Kwa mama wa kilo 55 ni kama gramu 55 hadi 83. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kilichopikwa ni kama 25. Ukipiga hesabu utaona inafikika, ila sio kwa milo mitatu mikubwa, mtu wa kemo akiona sahani imejaa anashiba kwa macho. Kidogo kidogo, mara sita, mara saba, ale zaidi zile saa ambazo kichefuchefu kimelala, na kama kichefuchefu hakilali waambieni wabadilishe dawa yake. Na asikae kitandani siku nzima, hata kuzunguka nyumba mara mbili tatu kunauambia msuli bado unahitajika. Kama ana tatizo la figo au ini hesabu hii inabadilika na daktari ndo ataipanga, uliza kabla. Na kwa kuwa hajala vya kutosha muda mrefu msimjazie ghafla siku moja, anzeni taratibu, mtaalamu wa lishe atawaongoza.

Kaka anaweza kukwambia mbona shirika la afya duniani lilisema nyama ni mbaya kwa utumbo. Ni kweli, 2015 wataalamu wake wa kansa waliziweka nyama za kusindika kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Hapo ampe haki yake, soseji aziache, nyama nyekundu iwe ya mara chache. Mayai, samaki, kuku, maharage na maziwa havimo kwenye katazo hilo.

Sasa kumwambia. Mfa maji haachi kutapatapa, na kaka yako ndo yuko majini, analipa bili ambazo haoni zinanunua nini, akapata kitu kimoja anachoweza kukishika kwa mikono yake, chakula. Ukimwambia amekosea mbele ya dada atang'ang'ania. Usimwambie wewe. Nenda nae kwa daktari, mwambie kaka naomba uje uulize mwenyewe yale maswali yako ya glutamini mana mimi siyawezi, acha aulize, acha ajibiwe na mtu wa rika lake mwenye koti jeupe. Afu mkitoka hapo mpe kazi. Mizani iwe kwake, kila wiki siku moja saa ile ile ampime mama, aandike kilo na alichokula, hilo daftari liende kliniki kila mzunguko. Mtu anayependa namba kama yeye akiona 55 inakuwa 55.5 ataongoza jeshi zima la mayai.

Na mama mwenyewe mmemuuliza? Katika barua yako yote anasema sentensi moja tu, tena ya kukuomba siri. Kaa nae mkiwa wawili umwambie umeniandikia, na kwamba Anti nesi amesema lile yai halikuwa kosa, mwili wake ulikuwa unajua unachokitaka kuliko sisi wote wenye simu. Mengine mchemshie ale mchana, mezani.

Nitasubiri kilo zake za wiki mbili zijazo.

Anti